Anza mgongoni: jinsi ya kuwatofautisha samaki wa Kigoma kabla hujatoa hela

Mi nauza samaki Tabora mjini, wakavu zaidi, wabichi wakija kwenye barafu, na mzigo wangu mwingi unatoka Kigoma kwa treni. Sasa Tabora mnaijua, ndo njia panda ya reli. Reli ya Kigoma ilifika ziwani 1914, ile ya Mwanza ikamalizika 1928, zote zinakutana hapa kwetu, kwahiyo dagaa wa ziwa Tanganyika na dagaa wa ziwa Victoria wanashushwa stesheni moja na kuingia soko moja, na wakishaingia sokoni ghafla wote wanakuwa wa Kigoma. Manake wa Kigoma ndo mwenye bei.

Mwaka wangu wa pili kwenye biashara nilinunua magunia mawili kwa mtu, simtaji, tulishamalizana. Kafungua juu nikaona dagaa weupe wakubwa wanang'aa, nikalipa. Siku ya tatu akaja bibi mmoja Muha wa Kasulu, mteja wangu wa siku zote, nikampimia sado moja kutoka katikati ya gunia, akachukua dagaa wawili akawalaza kwenye kiganja akavaa miwani. Akasema, "Mwanangu, huyu pezi lake liko katikati ya mgongo, huyu pezi lake limerudi kule mkiani. Hawa hawajatoka ziwa moja." Nikamwambia bibi shikamoo yako naomba niongeze maana leo umenifungua macho, akacheka, akachagua wake mmoja mmoja nusu saa nzima, na mimi nikabaki na magunia yangu.

Toka siku hiyo samaki yeyote naanza kumwangalia mgongoni, na ndo nachotaka kuwaelekeza hapa, maana naona watu wanaulizana sana huyu ni mgebuka au sangala, huyu sato au ngege, na majibu yanakuwa ni majina matupu.

Kabla ya yote, jina liweke pembeni

Jina ndo linatupoteza. Sangara wa Mwanza na sangala wa Kigoma ni herufi moja tu inawatenganisha na ni ndugu kweli lakini sio samaki mmoja. Mgebuka ukivuka mpaka ukaingia Burundi anaitwa mukeke. Dagaa anaitwa ndagala. Kambale mamba wala sio kambare. Na neno sato siku hizi ni kila samaki bapa anayeenea kwenye sahani. Kwahiyo muuzaji akikutajia jina lipokee kwa heshima, sema asante, afu mwangalie samaki mwenyewe.

Cha kuwa nacho: sinia jeupe au sahani nyeupe, bakuli la maji ya vuguvugu (kwa ajili ya wakavu), na boksi la kiberiti. Kiberiti ni cha kuweka pembeni ya samaki ukimpiga picha, maana picha ya samaki bila kitu cha kumlinganisha nacho haisemi chochote, dagaa akipigwa kwa karibu anaonekana kama mgebuka. Na mpige ubavu, sio kutoka juu, mapezi yawe yamefunguka, ukiweza yanyooshe kwa kidole.

Hatua ya kwanza: hesabu mapezi ya mgongoni

Hii peke yake inamaliza nusu ya ubishi wote. Pitisha kidole mgongoni kutoka kichwani kwenda mkiani (taratibu, kuna miba).

Ukikuta pezi moja fupi, laini, halina mwiba hata mmoja, na samaki mwenyewe ni mdogo wa fedha, uko kwa dagaa. Ukikuta mapezi mawili, la mbele lina miba mikali imesimama kama chanuo, afu pengo, afu la nyuma laini, huyo ni wa ukoo wa sangara, na mgebuka yumo humo. Ukikuta pezi moja refu linaloanza na miba na kuishia na nyuzi laini bila kukatika katikati, huyo ni wa ukoo wa sato, ngege, na kuhe. Pezi refu laini tupu halafu hana magamba na ana sharubu, kambare. Na kama mbele hakuna pezi kabisa, kuna kinyama tu kidogo karibu na mkia, usimguse kwanza, nitamwelezea chini.

Dagaa

Hapa nitakaa sana maana ndo kwenye hela yetu.

Ziwa Tanganyika lina dagaa wa aina mbili wa kibiashara. Kuna dagaa mwenyewe, yule mwembamba, mara nyingi hafiki sentimita 10, anayekaa kundi kubwa katikati ya ziwa kwenye maji mengi. Na kuna lumbu, ambaye anaweza kufika sentimita 17, mnene zaidi, akishakua anapenda kusogea pembeni karibu na nchi kavu na anakula mpaka watoto wa dagaa mwenzie. Wote wawili ni ukoo wa samaki wa baharini wale wa kwenye makopo, sadini, ndo maana mafuta yao na ladha yao iko vile. Lumbu huyu huyu ndo alibebwa akapandikizwa ziwa Kivu miaka ya 50 mwishoni na bwawa la Kariba 1967 na 1968, kwahiyo ukikutana na Mzambia anakusifia kapenta wa Kariba (ndo jina la dagaa huko kwao) mwambie tu huyo ni mtoto wa Kigoma aliyehamia.

Kuwatenganisha dagaa na lumbu ukiwa na wakubwa ni rahisi, wapange kwenye sinia wawili wawili, lumbu ana kifua na tumbo nene, dagaa amenyooka kama kisu. Wakiwa wadogo wote mi sihangaiki, chungu ni kimoja na bei ni moja.

Wa kuhangaika naye ni dagaa wa Mwanza, yani wa ziwa Victoria. Huyu hana undugu na hao wawili, yeye ni wa ukoo wa akina kuyu na ningu, samaki wa maji baridi toka mwanzo. Mara nyingi ni sentimita tano sita hivi, mfupi. Alama yake ni ile aliyoisema bibi: pezi la mgongoni limerudi nyuma, liko juu ya pezi la chini lile la karibu na mkia, yani ukimkata katikati pezi linabaki upande wa mkia. Wa Kigoma ukimkunja katikati pezi la mgongo linakaa hapohapo kwenye mkunjo, na kale kapezi kadogo ka tumboni kako chini yake karibu usawa mmoja. Akiwa mbichi kuna alama nyingine, wa Mwanza ana mstari ubavuni unaoshuka chini kuelekea tumboni na mkia wake una unjano, wa Kigoma hana huo mstari kabisa.

Sasa utaniambia dagaa mkavu mapezi yameshavunjika, nitayaonea wapi. Ndo kazi ya bakuli. Usichukue wa juu ya gunia, ingiza mkono mpaka kiwiko, toa konzi moja, hesabu ishirini waweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi hivi, watalainika na mapezi yatafunguka. Wamwage kwenye sinia jeupe, mpange mmoja mmoja. Ukikuta kwenye ishirini watatu wanne wana pezi la nyuma basi gunia limechanganywa, na huyo mtu atakwambia ni bahati mbaya. Rudia chini ya gunia na pembeni. Muuzaji mwenye mzigo safi hawezi kukasirika, anayekasirika umeshapata jibu lako.

Rangi usiiamini hata kidogo. Dagaa wa Kigoma akinyeshewa kwenye kichanja anakuwa wa njano mchafu, wa Mwanza akianikwa vizuri anang'aa. Mchanga pia sio ushahidi, watu wanasema wa Mwanza ndo mwenye mchanga, jamani hata Kigoma kuna wanaoanika chini, inategemea na aliyeanika.

Kuna kitu kingine kwenye gunia la dagaa wa Kigoma, utakuta visamaki vya urefu uleule ila vina mdomo mkubwa na kichwa kirefu. Hivyo ni vitoto vya mgebuka. Vinatembea karibu na dagaa, taa ikiwaka vinakuja navyo, wavu haubagui. Utavijua kwa mapezi mawili mgongoni na lile la mbele linachoma. Wachache ni kawaida, wakizidi mi sinunui, hao ndo migebuka ya mwakani tunaikaanga leo.

Na kalenda pia inasaidia. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, kwahiyo mbalamwezi ikiwa kubwa mzigo mbichi unapungua sana kwenye mialo ya Kigoma (pale wavuvi wanaposhusha samaki), Kibirizi na Katonga. Na 2024 serikali ilifunga uvuvi upande wetu wa ziwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, lakini mwezi wa saba huo kuna mtu alinipigia simu ana dagaa wa Kigoma "wa juzi". Nikamuuliza juzi gani kaka, akakata.

Migebuka, sangala, nonzi

Ziwa Tanganyika lina samaki wanne wa ukoo wa sangara na hawapatikani ziwa lingine, sangara wa Victoria ni wa tano na yeye kule aliletwa tu miaka ya 50 na 60. Wote wana mapezi mawili mgongoni kwahiyo hatua ya kwanza haitoshi, inabidi uangalie umbo.

Mgebuka ndo mdogo kati yao na ndo mwembamba, amechongoka, wa fedha, taya la chini limetangulia kidogo mbele. Wa sokoni wengi wanacheza sentimita 25 mpaka 35, akizidi nusu mita anza kuwa na mashaka. Ukimshika katikati vidole vinakaribia kukutana. Anaishi juu juu katikati ya ziwa akifukuza dagaa, kwahiyo mwili wake ni wa mbio, hana tumbo.

Tatizo linakuja na nonzi mdogo. Nonzi naye ni wa fedha na naye ni mrefu, na watu wa kubanika wanawachanganya kwenye tenga moja kwa makusudi au kwa haraka. Angalia magamba. Nonzi ana magamba madogo mno, hata jina lake la kisayansi maana yake ni hiyo magamba madogo, ukimparaza na kucha unasikia kama msasa laini, na mwili wake ni mpana zaidi kwenda juu. Anakua mkubwa, anaweza kukaribia mita moja, mgebuka hawezi kufika huko.

Hao wawili waliobaki wengi wetu tunawaita sangala tu wote na sioni ubaya. Ila wako tofauti: mmoja ana macho makubwa sana maana anaishi chini kwenye kina, na ziwa hili lina kina cha mita 1,470 (ingawa huko chini kabisa hakuna hewa, samaki hawaishi), mwingine ana paji la uso jembamba, rangi imekolea giza, na huyo ndo jitu, wakubwa wake wanapita urefu wa mtu. Kama umeuziwa minofu ya sangala kwa bei ya sangala, yeyote kati ya hao wawili hujaibiwa.

Ukiibiwa ni pale unapouziwa minofu ya sangara wa Mwanza kama sangala wa Kigoma, na kwa minofu tupu mi nakwambia ukweli macho hayasaidii. Nunua mzima mwenye kichwa na mkia. Wa Mwanza mkia wake umeviringa kama upawa, na akiwa mbichi jicho lina unjano. Hii ya kichwa ni kwa samaki wa moshi pia: asiye na kichwa muache palepale, kuna sababu kichwa kimeondolewa.

Sasa kuhe. Kuhe anachanganywa na sangala mdogo kila siku na inaniuma, maana kuhe kwenye mawese na ugali wa muhogo hana mpinzani na mtu anamkaanga bila hata kujua anakula nini. Huyu ni wa ukoo wa sato, ni kati ya wakubwa kabisa duniani kwenye ukoo huo, lakini ana umbo refu la kuwinda ndo maana anafananishwa na sangala. Rudi mgongoni: pezi moja tu refu, halikatiki. Ubavuni ana madoa meusi makubwa yamepangana, mwili una unjano, ila akikaa kwenye barafu siku mbili madoa yanafifia, pezi halififii. Na kama una kichwa tu, angalia pua: ukoo wa sato wana tundu moja la pua kila upande, sangala ana mawili kila upande. Hiyo ya pua jaribu siku moja mbele ya wavuvi uone watakavyokuangalia.

Sato, ngege, perege

Hapa napita haraka. Mkia wenye mistari iliyosimama imepangika kama ya pundamilia, kuanzia shina la mkia mpaka mwisho, huyo ni sato, popote utakapomkuta, ziwani au bwawani kwa mtu. Ngege wa ziwa Tanganyika mkia wake hauna mistari ya hivyo, dume ana ukijani na vidoadoa vya bluu. Wa kifua chekundu, ambaye nusu ya chini ya mkia ina wekundu au unjano na ya juu ina vidoadoa, huyo ni mla majani, wa huku mabondeni mwa mto Malagarasi anakuja sana, watu wanamwita perege na wengine sato mwekundu. Nyama yake tamu tu ila miba mingi. Akishabanikwa na kuwa mweusi wote hao watatu ni kitu kimoja, lipa bei ya wa chini.

Kambare na wanaofanana naye

Mizigo ya Malagarasi na ya maziwa ya Sagara na Nyamagoma ikiingia Tabora kupitia Kaliua na Urambo inakuwa na kambare wengi wa kukunja, mkia umeingizwa mdomoni, na humo ndani wamo wasio kambare.

Kambare wa kweli: kichwa bapa kigumu kama jiwe, sharubu jozi nne, hana gamba hata moja, pezi la mgongoni refu linaloishia karibu na mkia lakini halijaungana nao.

Kambale mamba, Mwanza wanamwita kamongo: hana sharubu. Badala ya mapezi ya pembeni ana nyuzi nne ndefu kama tambi, mbili mbele mbili nyuma. Pezi la mgongo, mkia na la chini vyote vimeungana vikaishia ncha kama mkuki. Anapumua hewa kwa mapafu, kiangazi anajichimbia kwenye tope anasubiri mvua, na akiwa hai anang'ata vibaya sana. Na ana magamba, yamezama kwenye ngozi, pitisha kisu utayaona. Hilo nalisema kwa sababu nina wateja Wasabato ambao hawali samaki asiye na magamba, kambare hawamgusi, na siku moja wawili walibishana mbele ya meza yangu kuhusu kambale mamba mpaka nikafunga biashara wakiwa bado wanabishana. Mi kazi yangu ni kusema ana magamba, mengine waulizane kanisani.

Ngogo: mdogo, mwiba mmoja mkali mgongoni na mmoja kila upande nyuma ya shavu, akiukaza haurudi, na sharubu za chini zimechanikachanika kama unyoya. Kambare hana mwiba mgongoni.

Sasa yule niliyesema usimguse. Wavuvi wa ziwani wanamwita nyika. Ni mnene kama soseji, kijivu chenye madoa meusi, macho madogo, midomo minene, ana sharubu kwahiyo mgeni anamwona kambare mfupi aliyenenepa. Mgongoni mbele hana pezi kabisa, ana kale kanyama tu karibu na mkia. Huyu ana umeme, na umeme wenyewe sio wa kusimuliwa, mkono unakufa mpaka begani, na akiwa kwenye maji ndani ya beseni hata kumgusa kwa kisu cha chuma unaupata. Akishakufa ni samaki kama wengine na kuna wanaompenda. Ila kwenye beseni la samaki hai pale mwaloni, kabla hujaingiza mkono kuchagua kambare wako, angalia migongo yote kwanza, na kama kuna mmoja hana pezi mwambie mwenye beseni amtoe yeye kwa kijiti kikavu.